Nani Ameshika Kontrola?

Ni Julai huku kwetu katika miji ya Mlima Kenya, kutoka Nyeri na Karatina hadi Nanyuki, Meru na Embu, ukungu umeshuka toka Nyandarua, na saa moja ya usiku watu wengi wamekwisha kufunga milango. Huu ndio msimu ambao familia hukaa pamoja ndani kwa saa nyingi kuliko misimu yote, na ndiyo sababu nimechagua mada ya leo.

Nataka tuzungumze kuhusu mashine ya gemu. Ninamaanisha ile PlayStation au Xbox iliyo chini ya runinga, iliyonunuliwa na kaka mkubwa, au iliyotumwa na shangazi aliye Uingereza, au iliyopatikana dukani ikiwa ya mtumba, ile tunayoiita ex-UK. Wazazi wengi wanaijua kwa jina moja tu, PS, na kwa kosa moja tu: inawapotezea watoto wakati. Wakisikia PS wanakumbuka kibanda cha kando ya barabara, vijana wamejazana mbele ya mchezo wa kandanda, na daftari la shule limekaliwa.

Mimi nasema mashine hiyo, kama tayari unayo, ndiyo sinema ya nyumba yako. Inaweza kuonyesha filamu na tamthilia za mtandaoni kwenye skrini kubwa, watu wote wakiwa wameketi chumba kimoja. Na hapo ndipo penye jambo zito zaidi. Kwa mara ya kwanza, uamuzi wa kitakachotazamwa umeingia ndani ya nyumba, na mara nyingi umeangukia mikononi mwa mtoto wa miaka kumi na minne, kwa sababu yeye ndiye anayejua kubonyeza. Mzazi asiyejua kushika kontrola ameuachilia uamuzi huo bila hata kuulizwa.

Hebu tukumbuke tulikotoka. Televisheni ilianza nchini mwaka wa 1962, na mpaka KTN ilipoanza mwaka wa 1990 tulikuwa na kituo kimoja tu. Aliyeamua Kenya itazame nini jioni alikuwa ameketi Nairobi. Huku mashambani runinga ilikuwa ile ndogo ya Great Wall, nyeusi na nyeupe, ikitumia betri ya gari. Betri ikiisha ilibebwa kwa baiskeli hadi sokoni ikachajiwe, na jioni hiyo hakuna habari wala kipindi cha Vitimbi. Watoto wa kijiji kizima walijaa katika nyumba moja, wengine wakichungulia dirishani, na wote walitazama kitu kimoja.

Baadaye ukaja ukumbi wa video: kuta za mabati, mabenchi, pazia zito mlangoni, na kiingilio cha sarafu. Mwamuzi sasa akawa mwenye ukumbi. Huko ndiko wengi walikomjua DJ Afro, akisimulia filamu za ng'ambo kwa Kiswahili na Sheng juu ya sauti za waigizaji, hata mtu asiyejua Kiingereza wala Kihindi akatoka pale akijua nani alimsaliti nani. Kisha likaja duka la kujaziwa filamu: unampa kijana flashi, unamlipa shilingi chache, unarudi nyumbani na filamu za wiki nzima, nyingi zikiwa zimenakiliwa bila ruhusa ya wenyewe. Filamu ya Nairobi Half Life ya mwaka wa 2012 inaanzia katika ulimwengu huo huo. Mwas, aliyeigizwa na Joseph Wairimu, ni kijana wa kijijini anayeuza diski za filamu kwa kuwaigizia wateja vipande vyake papo hapo. Ukitazama vizuri utaona kwamba katika hatua hizo zote, kituo, ukumbi na duka, mwenye kuchagua alikuwa nje ya nyumba, na mzazi alibaki na uwezo wa kuzima tu.

Wakati huo huo mashine ya gemu ilikuwa ikibadilika. PlayStation 2, iliyotoka mwaka wa 2000, iliweza kusoma diski za DVD, kwa hiyo aliyenunua gemu alijikuta amenunua na deki ya filamu. Ziliuzwa zaidi ya milioni 150 duniani. PlayStation 3 ikafuata mwaka wa 2006 ikiwa na uwezo wa kuingia mtandaoni. Novemba 2008 Netflix, huduma ya filamu za mtandaoni, iliingia kwenye Xbox 360 kule Marekani, mwaka uliofuata ikaingia kwenye PlayStation 3, na kufikia mwisho wa 2012 Netflix yenyewe ilitangaza kwamba, kati ya vifaa vyote vinavyounganishwa na runinga, hakuna kilichotumiwa kuitazama zaidi ya PlayStation 3. Kwa hiyo anayedhani kutazama filamu kwa PS ni ujanja wa vijana wa juzi, ajue kwamba mashine hizi ndizo zilizowazoesha mamilioni ya watu kutazama filamu za mtandaoni, kabla runinga nyingi hazijaweza kuingia mtandaoni zenyewe.

Sisi tulikuwa na mashine lakini hatukuwa na huduma. Netflix ilifunguliwa Kenya tarehe 6 Januari 2016, siku moja na nchi nyingine zaidi ya mia moja. Na huduma bila njia ya kuifikisha haina maana, kwa hiyo niruhusu nikukumbushe jambo moja ambalo miji ya mlima huu inapaswa kujivunia.

Mwaka wa 2013, karibu na Nanyuki, Microsoft, serikali na kampuni ya Indigo Telecom walianzisha mradi ulioitwa Mawingu. Walichukua masafa ya televisheni yaliyokuwa yamekaa bure, ambayo hakuna kituo kilichokuwa kikiyatumia, wakapitishia intaneti humo. Masafa ya namna hiyo husafiri mbali na hupenya miti na mabonde kuliko yale ya Wi-Fi tuliyoyazoea, na mitambo yenyewe iliendeshwa kwa nguvu za jua, kwa kuwa stima ilikuwa bado haijafika sehemu hizo. Shule ya Sekondari ya Gakawa ilikuwa miongoni mwa za kwanza kuunganishwa. Julai 2015, siku Windows 10 ilipozinduliwa, mkuu wa Microsoft, Satya Nadella, alikuwa Nanyuki. Tafakari hilo, msikilizaji. Hapa kwetu nafasi iliyoachwa wazi na televisheni ndiyo iliyoleta intaneti, na sasa intaneti ndiyo inayotuletea televisheni. Leo fiba imefika mitaani katika miji mingi, mitandao ya simu ina 4G na sehemu nyingine 5G, na tangu Julai 2023 Starlink nayo inauza intaneti ya setilaiti, hata kwa aliye ukingoni mwa msitu kule Kieni.

Sasa tuingie sebuleni. Nataka nikupitishe hatua kwa hatua, maana najua wapo wanaotamani kuuliza na wanaona haya kumuuliza mtoto.

Kwanza, runinga iwe na tundu la HDMI. PlayStation 4 na 5 hazina njia nyingine ya kutoa picha, kwa hiyo runinga za zamani zenye mgongo mkubwa hazitafaa. Pili, akaunti. Duka la mtandaoni la PlayStation halina Kenya katika orodha yake ya nchi, kwa hiyo vijana wetu hufungua akaunti ya Uingereza, Marekani au Afrika Kusini. Hilo lina maana kwako wewe mlipaji: kadi ya kununulia gemu ni lazima iwe ya nchi ile ile ya akaunti. Lakini filamu utakazoziona Netflix hufuata mahali ulipo, wala si nchi ya akaunti ya PlayStation. Ukiwa mtaa wa Ruring'u, Nyeri, utaona orodha ya Kenya.

Tatu, malipo. Njia ya kawaida ya kulipia huduma hizi ni kadi, na asiye na kadi ya benki anaweza kutengeneza ya mtandaoni kwa M-Pesa GlobalPay, iliyoanza mwaka wa 2022. Hapa pana mtego ambao watu wengi hunaswa nao. Mpango wa bei ya chini kabisa wa Netflix ni wa simu na tableti peke yake. Ukiulipia, ukirudi nyumbani ukawasha PS, haufunguki, na unaanza kulaumu mashine bure. Soma kwanza kama mpango unaruhusu runinga.

Nne, mahali pa kuweka kisambaza intaneti. Nyumba zetu nyingi ni za mawe ya kuchongwa, na ukuta huo unaozuia baridi ya Julai huzuia pia Wi-Fi. PlayStation 4 ya kwanza, hasa, hupokea masafa ya gigahezi 2.4 tu, ambayo majirani wote wanayagombania. Kama kisambazaji kiko karibu, tumia waya. Waya wa bei ndogo tu utakuondolea ile adha ya picha kuganda, duara likizunguka, na watu kuanza kuondoka mmoja mmoja kwenda kulala.

Na kama mashine yako ni ya zamani sana, usiwekeze matumaini yote hapo. Nintendo Wii ilipoteza Netflix Januari 2019. Mashine inabaki nzima, gemu zinachezeka, lakini huduma inaiaga. Ukiona ya mtumba inauzwa kwa bei ya kutupa, mwambie muuzaji aiunganishe na intaneti na akufungulie filamu moja mbele ya macho yako kabla hujalipa.

Tuje kwenye gharama, maana katika miji yetu hesabu ndiyo inayoamua mambo. Filamu moja ya saa mbili kwa picha safi inaweza kula GB 6. Bando la GB 50 litakwisha baada ya filamu nane. Lakini katika akaunti yako ya Netflix pana sehemu ya kupunguza matumizi ya data. Ukichagua kiwango cha kati, saa moja hutumia GB 0.7 hivi, na bando lile lile litakupeleka zaidi ya saa 70. Picha haitakuwa kali sana, lakini kwa runinga ya inchi 32 na watu walioketi mbali kidogo, ni wachache watakaolalamika. Mwenye fiba ya kulipia kwa mwezi hana haja ya kuhesabu hivyo. Kasi ya Mbps 5 inamtosha kwa picha safi, na mipango mingi ya fiba hupita hapo.

Stima nayo. PlayStation 4 ya kwanza hutumia takribani wati 90 ikionyesha filamu. Kile kifaa kidogo cha kuchomekwa nyuma ya runinga, cha kazi hiyo ya filamu tu, hutumia wati 3 hivi. Ukitazama saa mbili kila usiku kwa mwezi, PS itakula uniti 5 na nusu hivi, na kile kidogo hakitafika hata robo ya uniti. Kwa nyumba kubwa hilo halishtui. Lakini nyumba inayotumia chini ya uniti 30 kwa mwezi hutozwa bei nafuu, na uniti 5 zinaweza kuivusha mpaka huo, bei ya kila uniti ikapanda. Kwa hiyo nasema wazi: kama huna mashine ya gemu, usiinunue kwa ajili ya filamu. Nunua kile kifaa kidogo. Ushauri wangu unamhusu yule ambaye mashine tayari iko nyumbani kwake na anaigombeza kila siku. Na kwa kuwa stima zetu hupotea bila kubisha hodi, iwekee kifaa cha kuilinda dhidi ya umeme unaoruka, na isiachwe imelala usiku kucha. Izimwe kabisa.

Sasa, mpenzi msikilizaji, tumefika kwenye kiini. Kuna jirani yangu, mama anayeuza nguo katika soko la Karatina. Mwanawe wa kidato cha pili alikuwa na PS, na nyumba ilikuwa na vita vya kila jioni. Mama alijaribu kuificha, akajaribu kuifungia kabatini, na kijana akahamia kibandani, ambako mama hakumwona kabisa. Mwisho alifanya jambo ambalo wazazi wengi hawalifikirii. Aliketi kando ya kijana, akamwambia, nifundishe. Akajifunza kwamba alama ya X ni kukubali na duara ni kurudi nyuma. Kidole gumba kilimsumbua mwanzoni, herufi zikawa zinampita, kijana akacheka, naye akaendelea. Ndani ya Netflix akafungua sehemu yake mwenyewe, akaiwekea nambari ya siri. Akafungua ya watoto, ambamo filamu za watu wazima hazionekani. Ndani ya PS yenyewe akajiandikisha kuwa msimamizi wa familia na kuweka saa za kucheza kwa siku. Wakakubaliana kwamba Ijumaa usiku ni filamu ya nyumba nzima na mama ndiye anayechagua, na Jumamosi mchana ni ya kijana na kandanda yake. Vita vimekwisha. Kijana amerudi nyumbani, na mama anajua anachotazama.

Ninasimulia hili kwa sababu nimesikia mengi katika baraza zetu kuhusu kufunga vibanda vya PS, na ninaelewa hasira ya mzazi ambaye mtoto wake amekosa shule. Lakini mtoto hufuata skrini mahali anapokaribishwa. Nyumba ikimpa skrini yenye mpaka na yenye watu anaowapenda kando yake, kibanda kinapoteza nusu ya nguvu zake. Bodi ya Kuainisha Filamu nchini huweka alama za umri, kutoka filamu za kila mtu, zile za uangalizi wa mzazi, hadi za miaka 16 na 18. Alama hizo hazina mlinzi mlangoni pako. Mlinzi ni wewe, na huwezi kulinda mlango usiojua kuufungua.

Kuna pia faida ambayo simu haiwezi kuitoa. Mtoto akitazama filamu kwa simu, ametazama peke yake, na vipokea sauti masikioni. Filamu ikiwa kwenye runinga ya sebuleni, hata shosho aliye kitini na shuka lake magotini ana haki ya kuuliza, huyu ni nani, na kwa nini analia? Na mjukuu wa miaka tisa anajibu kwa Kikuyu, anaeleza, anatangulia kusimulia, anabishana na dada yake kuhusu nia ya adui. Kazi ile aliyoifanya DJ Afro kwa ukumbi mzima, mtoto wako anaifanya kwa shosho wake, na anajifunza lugha ya nyumbani kwa namna ambayo kitabu hakiwezi kumfundisha. Hata wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi na wale wa Karatina kule Kagochi, wanaochangia chumba, mashine moja na bili moja ya intaneti, wanalijua hili: filamu ya watu wanne ina mjadala, na mjadala ndio unaobaki.

Na ukichagua, chagua na vyetu. Supa Modo ya Likarion Wainaina, ya mwaka wa 2018, ni hadithi ya msichana mgonjwa anayeota kuwa shujaa, na kijiji chake kinaungana kumtengenezea filamu. Itafute, uitazame na watoto. Softie ya Sam Soko, ya mwaka wa 2020, inamfuata mwanaharakati Boniface Mwangi na familia yake katika siasa, na ni ya kutazamwa na vijana wanaokaribia umri wa kupiga kura. Country Queen, ya mwaka wa 2022, ndiyo tamthilia ya kwanza ya Kenya kutoka Netflix, na ndani yake kuna kijiji kinachopigania ardhi, jambo ambalo hakuna mtu wa Nyeri anayehitaji kufafanuliwa. Kila unapotazama kazi ya Mkenya kwa njia ya halali badala ya ile ya flashi, mtengenezaji hupata sababu ya kutengeneza nyingine. Huenda inayofuata ikapigwa Mweiga au Chuka, ikazungumza kama tunavyozungumza.

Najua wapo watakaosema kwamba skrini ni skrini, na kwamba nyumba ingekuwa bora bila hata moja. Ninawaheshimu, na kama nyumba yako inaishi hivyo kwa amani, endelea. Lakini nyumba nyingi za miji yetu tayari zina runinga, zina intaneti, na zina mashine ya gemu. Swali lililobaki ni nani anaamua. Kwa miaka mingi tuliamuliwa na kituo, tukaamuliwa na mwenye ukumbi, tukaamuliwa na mwenye duka. Sasa zamu imefika kwetu wazazi, na itakuwa hasara kubwa kuikataa kwa sababu ya kuogopa vitufe.

Kwa hiyo Ijumaa hii, baba, mama, shangazi, guka, usingoje mtoto akuwashie. Mwambie akufundishe mara moja tu, halafu ushike wewe. Weka nambari ya siri, weka saa, chagua filamu, na ikiisha, uliza kila mmoja ameona nini. Mtoto aliyekuona ukichagua kwa makini atajifunza kuchagua hivyo siku atakapokuwa na nyumba yake.